Kuku wa uani: Tuanze na vifaranga au mitetea?

Ndugu msomaji, wengi wetu mjini tunatamani kuku wachache uani ili tupunguze kununua mayai dukani. Swali ni moja: tuanze na vifaranga au mitetea?

Kifaranga bei yake ni ndogo, lakini malezi yake ni ghali. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguzwa taratibu. Anahitaji pia chanjo za kideri na gumboro kwa wakati wake. Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga akikaribia miezi 5, na wa kienyeji huchelewa zaidi. Muda wote huo unalisha tu.

Mtetea huleta yai mapema, ila umri wake humjua muuzaji. Niliwahi kununua sita kwa mtu aliyeapa kuwa wako karibu kutaga. Kumbe walikwishachoka! Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, lakini mnunuzi naye afumbue macho. Kuku anayetaga ana upanga mwekundu kichwani, na vidole viwili au zaidi hupita kati ya mifupa yake ya nyonga.

Kwa anayeanza, naona bora matembe wa miezi 3 hadi 4, kutoka kwa mfugaji mwenye kumbukumbu za chanjo. Wameshavuka hatari ya baridi, na utagaji wao wote uko mbele.

Na banda litangulie, kuku wafuate. Wabillahi tawfiq.