Banda la Farasi la Mawe

Mwaka jana mwalimu wetu wa Historia alituagiza kila mmoja atafute jengo kuukuu karibu na kwao aandike habari zake. Hapa Gitothua ukitaja jengo kuukuu watu watakucheka, maana kila kukicha ni fleti mpya. Basi nikamwendea guka wangu, ambaye miaka ya 1960 alikuwa saisi, yaani mtunzaji wa farasi, katika shamba moja la kahawa huku Ruiru.

Banda lenyewe bado limesimama. Ni la mawe ya kuchonga, lina vyumba sita, na kila mlango umekatwa vipande viwili, cha juu na cha chini. Nilidhani ni ili farasi achungulie nje.

"Mchana, ndiyo," guka akasema. "Lakini kabla jua halijatua tulifunga vyote. Ukichelewa, kazi huna. Walituambia umande wa usiku unaua farasi."

Kumbe si umande! Mwalimu wa Baiolojia alinieleza kwamba kuna maradhi ya farasi ya hapa Afrika yaletwayo na virusi. Virusi hivyo huenezwa na usubi, vidudu vidogo kuliko mbu, ambao huuma hasa kuanzia magharibi hadi alfajiri. Farasi hupata homa, mapafu hujaa maji, povu humtoka puani, na wengi hufa katika siku chache. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuugua sana. Mwaka 1987 punda milia waliotolewa Namibia walipeleka maradhi hayo Uhispania, yakasumbua huko hadi 1990.

Kwa hiyo walowezi walikosea sababu lakini wakapata dawa: kufunga mlango mapema. Na farasi waliwahitaji kwelikweli. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipokaa katika shamba la McMillan hapo Juja, uwindaji wao ulikuwa wa kupanda farasi.

Mabanda ya mawe walikuwa nayo kwao tangu zamani. Kule Wales kuta zilikuwa nene kwa ajili ya baridi, na juu kulikuwa na dari la nyasi kavu, zikaangushwa horini kupitia tundu. Huku kwetu adui hakuwa baridi. Alikuwa mdudu.

Nilimwuliza guka yeye alilala wapi. Akanionyesha mahali palipokuwa na vibanda vya udongo, nyuma ya banda. Hapana hata jiwe moja sasa.

"Mlikuwa na neti ya mbu?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Farasi alinunuliwa, mjukuu wangu. Mimi nilijileta."

Vigingi vya ploti tayari vimepigwa kuzunguka banda hilo. Nililipima kwa hatua: 22 kwa 7. Mchoro wangu umebandikwa kwenye ubao wa chama, na jina la guka nimeliandika kwenye chumba cha tatu, alichokuwa akikisafisha.