Elfu sitini za kuachiwa

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kibimba. Nilikopa laki nane kwa mtu wa mtaani nimalizie kuezeka nyumba, riba asilimia 30 kwa mwezi. Kadi yangu ya benki anayo yeye na namba ya siri anaijua. Mshahara ukiingia anautoa, anakata chake, ananiachia elfu sitini za matumizi. Kwa kweli si mtu mbaya. Lakini kila mwezi ananiambia deni limebaki vilevile. Nimelalamika, sasa anasema atakuja shuleni kunitangaza mbele ya wanafunzi, kisha abebe vitanda na kung'oa bati. Mke wangu hajui; nilimwambia ni makato ya Bodi ya Mikopo. Kwa sasa yeye ndiye anatulisha kwa maharage yake. Je, nikope kwenye kikoba nimlipe huyu kwa mkupuo?*
*Mwalimu, Kibimba*

Mwalimu, barua yako ilikuwa ndefu, nimeikata. Habari za fundi na bei ya misumari tutaziongea siku nyingine.

Vitanda havikunishtua. Kilichonishtua ni kwamba mtu anakomba mshahara wako wote, anakutupia elfu sitini, na wewe unamsifia. Hebu tupige hesabu ambayo hukuipiga. Laki nane kwa asilimia 30 ni riba ya laki mbili na elfu arobaini kwa mwezi. Mshahara wako unaujua mwenyewe. Toa hiyo riba, toa na elfu sitini zako. Kinachobaki kinakwenda wapi, kama deni halipungui? Hujawahi kumwuliza. Umekuwa mtoto mbele yake: akifoka unatetemeka, akikupa hela ya chumvi unashukuru. Serikali iliyokuajiri, mtumishi akikopa kwa makato ya mshahara, inataka abakiwe na walau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Huyu jirani yako amejipa madaraka kuliko Hazina.

Wenzako wanaiita mikopo hii kausha damu, na wewe ndiye unayekaushwa. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Bila leseni anatenda kosa. Hata wenye leseni wamewekewa kikomo cha riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki nane hiyo ni elfu ishirini na nane. Mwombe akuonyeshe leseni, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwomba mwanafunzi daftari.

Vitanda sasa. Deni ni shauri la madai. Anayetaka mali yako aende mahakamani, ashinde kesi, apate amri, ndipo dalali wa mahakama aje. Na hata dalali huyo hagusi nguo zenu za lazima, vitanda, matandiko wala vyombo vya kupikia. Sheria ya Mwenendo wa Madai inavilinda. Akija na vijana wake kung'oa bati bila amri, hao ni wa polisi. Kama ametuma ujumbe wa vitisho kwenye simu, usiufute. Na shuleni, mwone mkuu wa shule wewe kwanza. Jamaa akifika na matangazo yake, akute habari imeshachacha.

Kuhusu nyumba, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe wala iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi. Yaani mkeo, ambaye umemficha, ndiye ngao yako. Na hapo ndipo hasira zilinipanda.

Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hakuna mwalimu anayebaki na elfu sitini kwa sababu ya Bodi. Unadhani mwanamke anayepima maharage kwa debe, anayejua mlanguzi amempunja kisado kipi, ameshindwa na hesabu hiyo? Ama ameshajua, amenyamaza kukusitiri, ama anaamini una nyumba ndogo Lusahunga. Sijui lipi linakupendeza.

Unadhani umekopa peke yako. Hapana. Mshahara unakwenda kwa mkopeshaji, maharage yanaingia jikoni badala yake. Kila debe analouza mkeo linalipa riba ile. Umemfanya mdhamini wako bila kumwomba saini. Mimi naamini mwanamume anaweza kuishiwa kabisa na bado akaheshimiwa nyumbani kwake. Wengi wameishiwa, wake zao wakajifunga kibwebwe pamoja nao. Lakini mwanamke kuinama shambani kutwa ili kugharamia uongo aliotungiwa, hilo silipatii utetezi, na usiniletee habari za kutomtia presha. Presha anayo tayari, ila hajui inatokea wapi. Mwambie leo, watoto wakilala. Mwambie na kiasi.

Kikoba, hapana, usiende kuchota akiba za majirani kuziba shimo ambalo hujalipima. Mikopo ya simu nayo angalia: Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini yake.

Nendeni benki wawili, Ngara mjini. Kadi ifungwe, upewe nyingine yenye namba ya siri mpya. Omba taarifa ya akaunti tangu mwezi uliokopa, mkae mezani mjumlishe alichotoa, mtoe zile elfu sitini zako. Simaanishi umdhulumu, laki nane yake iko juu ya paa lako. Kama bado hajaifikisha na riba halali juu yake, mmalizie mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kwa maandishi na saini. Kama ameshaipita, aende yeye Mahakama ya Mwanzo akaeleze anadai nini.

Ila mwende benki kabla mshahara wa mwezi huu haujaingia, maana kadi bado anayo.