SOMO LA MALEZI: KUMLIWAZA YATIMA KWA KAZI YA MIKONO

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Yapasa kujua ya kwamba mauti yaingiapo nyumbani, watu wazima hupewa pole, na kila ajaye huwashika mkono. Ama mtoto mdogo hupitwa. Huonekana akicheza barazani siku ya tatu, watu wakasema, "Huyu hajui kitu, amekwisha sahau." Na hilo ni kosa. Huzuni ya mtoto huja kama mawimbi: humpiga, ikamwacha, kisha ikarudi. Mara hucheza, mara hulia kwa jambo dogo lisilo maana. Mwingine hunyamaza kabisa. Mwingine hukojoa kitandani hali alikuwa amekwisha acha. Na mwingine hudhani moyoni ya kuwa babake amekufa kwa sababu ya utundu wake, wala hathubutu kumwambia mtu.

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliijua hali hiyo kwa nafsi yake. Babake alifariki kabla hajazaliwa. Mamake akafariki huko Abwaa, kati ya Makka na Madina, naye ana miaka 6. Na babu yake akamfuata alipokuwa na miaka 8. Ndipo akalelewa na ami yake Abu Talib, na katika ujana wake akawachungia watu wa Makka kondoo kwa ujira. Na Surat Dhuha yamkumbusha uyatima wake, kisha yamkataza kumwonea yatima.

KISA CHA WATOTO WA JAAFAR

Mwaka wa 8 wa Hijra (629) Jaafar bin Abi Talib aliuawa katika vita vya Muta. Mtume aliamuru watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha. Baada ya siku tatu akaenda mwenyewe, akataka watoto waletwe mbele yake, akamwita kinyozi akawanyoa vichwa. Kisha akamwambia mmoja kuwa amefanana na Abu Talib, na Abdullah kuwa amefanana naye Mtume kwa umbo na tabia. Akaushika mkono wa Abdullah, akauinua, akamwombea baraka katika biashara ya mkono wake wa kulia. Na mama yao alipotaja uyatima wao, Mtume alimjibu kuwa yeye ndiye walii wao duniani na akhera. Imepokewa pia kuwa siku moja alimpita Abdullah akiuza vitu kama wauzavyo watoto, akamwombea baraka katika kuuza kwake.

Mwenye akili na aangalie: watoto hawakufichwa. Waliitwa, wakaguswa, wakatajiwa ukoo wao. Na mkono wa yatima ukaombewa kazi yake.

KWA NINI KAZI YA MIKONO

Mtoto hana maneno ya kuyaeleza yaliyomo kifuani. Akiwekwa mbele ya wazee na kuulizwa, "Una nini?" hunyamaza. Lakini mikono yake ikishughulika, na mtu ampendaye akaketi ubavuni pake, si usoni pake, ulimi hufunguka wenyewe.

Mfano wake ni mtoto wa mvuvi ambaye babake amefariki akaacha jarife lililochanika. Ami yake humketisha chini ya mwembe, akampa sindano ya nyavu, wakawa wanashona pamoja wala hamwulizi neno. Hata siku ya nne au ya tano, mtoto husema naye ameinamia uzi: "Ami, baba amekufa kwa kuwa nilimkasirisha?" Hapo ami asimkemee wala asicheke. Na amjibu: "La, mwanangu. Ajali yake ilikuwa imefika. Babako alikuwa radhi nawe, na fundo hili walifunga kama alivyokuwa akilifunga yeye." Lau si jarife lile, swali hilo lingemkaa mtoto moyoni miaka mingi.

Na kazi zifaazo ni nyingi:

1. Kazi ya marehemu. Kama alikuwa seremala, mtoto apewe kipande cha ubao na msasa. Kama alikuwa mkulima, apewe kijembe kidogo.

2. Kupanda mti. Apande mnazi, aumwagilie mwenyewe, na atakayekula katika matunda yake iwe ni sadaka, na thawabu zake aombewe babake. Mnazi wa asili huchukua miaka 6 au zaidi kuzaa, na katika miaka hiyo mtoto ana jambo la kumtendea mzazi wake.

3. Kusuka ukili, kusokota kamba za makumbi, au kuchonga kingalawa cha kuchezea. Kazi hizi zina mwendo mmoja, nao huutuliza moyo.

4. Kaburi. Akitaka, achukuliwe kupalilia majani na kumwombea dua.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Kwanza, mtoto asiambiwe kuwa babake "amelala" au "amesafiri". Wa kwanza ataogopa kulala, na wa pili atangoja mlangoni. Aambiwe kweli kwa maneno mepesi.

Pili, asikatazwe kulia kwa kuambiwa kuwa mwanamume halii. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya watu, akasema kuwa hiyo ni rehema. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe na kupasua nguo.

Tatu, liwazo lisigeuzwe utumwa. Mlezi amwamkishaye yatima alfajiri kwa kazi za nyumba, na wanawe wamelala, huyo hamliwazi bali anamla. Na akiiuza kazi ya mikono yake, fedha ni za mtoto. Qurani imewaonya kwa Moto walao mali ya yatima kwa dhuluma.

Tena katika kazi hizi mna faida ya sharia. Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa yatima hujaribiwa busara yake kabla ya kukabidhiwa mali: mtoto wa tajiri kwa kuuza na kununua, wa mkulima kwa kilimo, na wa fundi kwa ufundi. Basi jarife lile lile limliwazalo leo ndilo litakalomshuhudia kesho.

Na asiyekuwa na yatima nyumbani mwake asidhani somo hili halimhusu. Na aangalie mtaani mwake: yuko mtoto aketiye kimya. Amchukulie sindano na uzi, akaketi ubavuni pake.

Wa billahi ttawfiq.