Soya si Maharage: Kutengeneza Kitoweo cha Badala ya Nyama

Katika kijiji cha Maposeni, karibu na Peramiho, magharibi ya mji wa Songea, zao kuu la chakula ni mahindi. Mkoa wa Ruvuma ni mmojawapo wa mikoa inayotoa mahindi mengi nchini Tanzania. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na kiwango cha Ruvuma kilikuwa juu ya wastani huo. Ghala lililojaa si dalili ya lishe kamili. Kudumaa kuna sababu nyingi, maradhi yakiwemo. Mojawapo ni chakula chenye wanga mwingi na protini haba.

Wilaya ya Songea hulima pia soya, lakini sehemu kubwa ya soya ya nchi huuzwa na kuishia katika chakula cha kuku. Hivyo jamaa huuza protini na kubaki na wanga. Mmea wenyewe si mgeni, kwani ulikwisha kupandwa Amani, mkoani Tanga, mwaka 1907. Kinachokosekana jikoni ni maarifa ya kuupika. Soya ikipikwa kama maharage huchelewa kuiva, hubaki na harufu ya ubichi, na hujaza tumbo gesi.

Kilichomo ndani ya soya

Gramu 100 za soya kavu zina takriban gramu 36 za protini na gramu 20 za mafuta. Maharage ya kawaida yana protini gramu 22 hivi, na mahindi gramu 9 tu. Tena protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino iitwayo laisini, ambayo soya inayo kwa wingi. Soya nayo ina methionini kidogo, na mahindi husaidia kuijaza. Kwa hiyo ugali na soya vikiliwa pamoja hutoa protini bora kuliko kimoja peke yake.

Lakini soya mbichi ina vizuizi viwili. Kwanza, ina kemikali zinazozuia tripsini, kimeng'enya kinachosaga protini katika utumbo. Pili, punje ikivunjwa ndani ya maji baridi, kimeng'enya kingine hushambulia mafuta yake na kuleta ile harufu ya ubichi. Vyote viwili hushindwa na joto.

Njia ya kutengeneza

Vifaa: soya gramu 500, maji safi lita 4, ndimu kadhaa, sufuria kubwa, kinu au mashine ya kusagia nyama, kitambaa safi cha pamba, na chombo chenye matundu.

1. Soya huchambuliwa, huoshwa na kulowekwa kwa saa 12. Maji ya kulowekea humwagwa.

2. Punje hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa dakika 5 ili kuua kimeng'enya cha harufu, kisha huepuliwa, huchujwa na kusagwa au kutwangwa mpaka zilainike.

3. Rojo huchanganywa na zile lita 4 za maji na kutelekwa motoni huku likikorogwa. Hapa pana mtego: povu hupanda kabla maji hayajafika kiwango cha kuchemka, na mpishi hudhani kazi imekwisha. Moto hupunguzwa, povu likashuka, kisha rojo huachwa lichemke kweli kwa dakika 20.

4. Rojo huchujwa kwa kitambaa na kukamuliwa. Kinachotoka ni maziwa ya soya. Kinachobaki ni makapi.

5. Maziwa hurudishwa motoni mpaka yachemke, huepuliwa, na kuachwa kwa dakika 5. Vijiko 8 vya chakula vya maji ya ndimu, vilivyochanganywa na kikombe cha maji ya moto, humiminwa kidogo kidogo huku maziwa yakikorogwa polepole. Baada ya dakika 10 mabonge meupe hujitenga. Maji yakiwa bado meupe, ndimu kidogo huongezwa. Yakiwa ya manjano na maangavu, kazi imetimia.

6. Mabonge humiminwa katika kitambaa kilichotandikwa ndani ya chombo chenye matundu, hufunikwa, na kukandamizwa kwa jiwe safi la kilo 1 au 2 kwa nusu saa.

Kipande kilichoganda hukatwa vipande, hutiwa chumvi, hukaangwa mpaka kipate rangi ya kahawia, kisha huungwa kwa vitunguu na nyanya kama nyama. Makapi yasitupwe, yakichanganywa na unga, kitunguu na chumvi, hukaangwa yakawa chopsi. Bila jokofu, chakula hiki kiliwe siku hiyohiyo.

Kwa nini maziwa huganda?

Katika maziwa ya soya, molekuli za protini zina chaji hasi, na kwa sababu hiyo husukumana na kuelea majini. Asidi ya ndimu hupunguza pH. Inapofika karibu 4.5, chaji husawazishwa, msukumano huisha, na molekuli hushikamana. Wachina wamekula soya iliyogandishwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Ile nyama ya soya kavu ya madukani ni kitu kingine: unga wa soya uliotolewa mafuta husukumwa katika mashine yenye joto na kanieneo kubwa, kazi isiyowezekana nyumbani.

Mipaka yake

Soya haina vitamini B12 inayopatikana katika nyama, samaki, maziwa na mayai. Madini yake ya chuma pia hayafyonzwi kwa urahisi kama yale ya nyama. Matunda yenye vitamini C yakiliwa pamoja nayo husaidia. Asiyekula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama anahitaji kupata vitamini B12 kwa njia nyingine.

Mazoezi

1. Pima uzito wa soya kavu, wa kipande kilichoganda na wa makapi. Kwa nini jumla inazidi gramu 500?

2. Gawa maziwa ya soya sehemu tatu. Tia ndimu katika ya kwanza, siki katika ya pili, na chumvi ya mezani katika ya tatu. Eleza tofauti.

3. Tia hidroksidi ya sodiamu, kisha matone machache ya salfeti ya shaba, katika kipande kilichoganda na katika maji yaliyobaki. Rangi ya zambarau ni dalili ya protini. Je, protini yote ilinaswa?