Klachi inateleza?

SWALI: Nikipanda mlima Kitonga na Hilux yangu ya zamani, injini inavuma lakini mwendo hauongezeki. Ni klachi?

JIBU: Dalili zinaelekea huko. Egesha tambarare, mbele pakiwa wazi. Vuta breki ya mkono, weka gia ya nne, kisha achia klachi taratibu huku ukitia mafuta kidogo. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kuvuma, inateleza. Usirudierudie, utaiunguza.

Kabla ya kushusha gia boksi, bonyeza pedali kwa mkono. Isipokuwa na mchezo kidogo juu, huenda marekebisho tu yakatosha. Gia boksi ikishushwa, kagua kama oili imelowesha pleti. Sili inayovuja ibadilishwe pia. Pleti, presha pleti na beringi zibadilishe pamoja, usilipie ufundi mara mbili.