KANSERE: KABLA YA KUTAFUTA DAWA MPYA



Siku moja mfanyakazi alifika dispansere pamoja na mke wake, mgonjwa wa kansere ya shingo ya kizazi. Akaniuliza: « Munganga, nimesikia kuna dawa mpya zinazojaribiwa. Mke wangu anaweza kuingia? » Nikaomba karatasi zake. Alikuwa na moja tu, imeandikwa « kansere ». Hiyo haitoshi.

Jaribio la dawa ni nini? Ni kazi ya waganga ya kupima matunzo mapya kwa wagonjwa waliokubali wenyewe. Mfano ni jaribio INTERLACE, lililofanywa katika inchi 5, kama Uingereza, Uhindi na Mexico. Lilipokea wanawake 500 wenye kansere hiyo. Nusu walipewa kwanza dawa mbili kwa majuma 6, kisha matunzo ya kawaida ya mionzi na dawa. Matokeo yalitolewa 2024: baada ya miaka 5, wanawake 80 kwa 100 walikuwa hai; kwa matunzo ya kawaida tu, 72 kwa 100. Lakini wale ambao kansere yao ilikuwa imefika mapafu hawakupokelewa. Kila jaribio lina masharti yake. Jiwe lisilopimwa maabara, nani anajua lina shaba kiasi gani? Na ugonjwa ni hivyo.

Basi, fanyeni hivi:

1. Ombeni karatasi ya maabara inayotaja aina ya kansere, na picha zinazoonyesha imefika wapi.

2. Andikeni dawa zote alizokunywa, hata za miti, na magonjwa mengine.

3. Ombeni daktari atazame daftari za majaribio: ile ya Afrika iliyo Cape Town, na ClinicalTrials.gov ya Marekani. Kuzisoma ni bure. Aangalie kama jaribio bado linapokea watu, na wapi.

4. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni: faida gani? hatari gani? nani analipa safari? Mgonjwa ana haki ya kukataa, ao kutoka wakati wowote.

Anayedai feza ili aandike jina lako, mkimbie. Tena, usiache matunzo ya leo kwa kungojea ya kesho.

Mama yule hakupata jaribio. Lakini karatasi zilipotimia, hospitali ilijua matunzo yanayomfaa, na ameyaanza.

Tunzeni karatasi zenu.