Kibao cha Namba Kando ya Kinywa cha Motokaa

Mazda MX-5, motokaa ndogo ya viti viwili iliyoonyeshwa kwanza huko Chicago mwaka 1989, imejaaliwa wajihi wenye kinywa kimoja kipana kilicho chini ya taa zake, na kinywa hicho ndicho kipitishacho hewa ya kupoza rejeta. Kwa hiyo kibao cha namba kinapofungwa katikati yake, kama ilivyo desturi hapa Uingereza ninapoishi, sura yote hufanana na mtu aliyezibwa midomo kwa kitambaa. Mafundi wa Kitaliano walioitoa Alfa Romeo 156 mwaka 1997 walikiweka kibao kando tangu kiwandani ili ngao ya katikati ibaki wazi, nami sikuona sababu ya motokaa yangu kunyimwa heshima hiyo. Sidai kwamba injini hupata nguvu zaidi kwa kufanya hivyo. Nilifanya kwa mapenzi ya sura, na mapenzi hayo yanatosha.

Kabla ya kushika spana, sharti kijulikane kilichoruhusiwa na kilichokatazwa. Kanuni za Uingereza za mwaka 2001 hazimlazimishi mtu kukiweka kibao katikati. Zinataka kisimame wima, au karibu na wima kadiri iwezekanavyo, na kisomeke mchana bila taabu kwa mtu aliye mbele ya gari. Uhuru wa mahali ni mpana, lakini uhuru wa herufi haupo: kimo cha kila herufi ni milimita 79, upana 50 isipokuwa wa 1 na I, unene wa mstari 14, nafasi baina ya herufi na herufi 11, na baina ya fungu na fungu 33. Usuli wa kibao cha mbele ni mweupe, na herufi ni nyeusi tupu, kwa kuwa tangu Septemba 2021 vibao vipya vyenye herufi za rangi mbili havikubaliwi. Mwenye kukiuka hupigwa faini ifikayo pauni 1,000, na pengine huhatarisha hata haki yake ya kuitumia namba yenyewe. Naona ni insafu, maana namba ya gari ni amana ya umma. Siku ya ajali yaweza kuwa ndiyo shahidi wa pekee wa aliyegongwa.

Hata hivyo urefu wa kibao haukuwekewa kipimo kimoja, bali pambizo isiyopungua milimita 11, na hapo mwenye namba binafsi iliyo fupi hupata nafuu kubwa. Namba yangu ina alama tano, mbili kisha tatu: 250 za alama zenyewe, 33 za nafasi ndogo tatu, 33 za nafasi kubwa moja, na 22 za pambizo mbili, jumla milimita 338, badala ya 520 za kibao cha kawaida. Kibao kifupi namna hii hukaa kando bila kuonekana kimeangikwa hewani. Mtengenezaji aliyesajiliwa atakuomba kitambulisho na hati ya gari. Asiyeuliza lolote, mwepuke.

Bampa sikuitoboa. Magari mengi ya siku hizi yana tundu lenye hesi mbele, lililofunikwa kwa kifuniko kidogo cha rangi ya gari, ambamo huingizwa pete ya kukokotea gari linapoharibika, na madukani huuzwa fito za chuma zenye kishikio cha kibao zinazoingia humo humo. Kifuniko hung'olewa taratibu kwa bisibisi iliyoviringishwa kitambaa laini. Anza kwa kuingiza pete ya asili kwa vidole, upate kujua hesi inaelekea wapi, maana katika baadhi ya magari hukazwa kinyume cha mazoea, na anayelazimisha kwa spana huiharibu hesi ambayo maisha ya mtu yaweza kuitegemea barabarani. Ufito ukiisha kuingia hadi mwisho, kaza nati yake ya kufungia, kisha funga kishikio.

Kazi iliyobaki ndiyo yenye kutaka subira. Bampa hupinda kurudi nyuma kadiri inavyokaribia taa, na jicho hushawishika kukilaza kibao kifuate mpindo huo. Usikubali, kwa sababu kibao hutazama mbele sawasawa na gari, hata ikiwa ncha yake ya nje itaachana na bampa kwa upana wa vidole viwili. Usawa wake usiupime kwa ardhi, kwani ardhi huinama. Pima kwa utepe kutoka kila ncha ya juu hadi uzi ulionyooshwa mbele ya boneti, baina ya mahali panapolingana upande wa kulia na wa kushoto wa gari. Taa, vitambuzi vya kuegeshea na tundu la hewa vibaki wazi, na ncha isizidi upana wa gari, isije ikamkwaruza mpita njia. Skrubu ziwe na vifuniko vyeupe penye usuli mweupe, kwa kuwa kifuniko cheusi kilichowekwa vibaya hugeuza herufi.

Iarifu kampuni yako ya bima, kisha baada ya safari ndefu ya kwanza jaribu nati tena kwa mkono. Pete ya asili, pamoja na spana ya kufungulia ufito, zikae ndani ya buti daima, kwani gari likikwama, tundu ni lile lile moja.